Chumvi ya Ukutani

Kazi ni ukuta mmoja, Bondeni, ubavuni mwa kinyozi,
mia nane kwa siku, na chai.
"Nautaka mweupe," kasema Bi Shamsa mwenye nyumba,
"mweupe kama kanzu ya Idi.
Nyuso za watu hawa nimechoka kulala nazo."

Nimeanza kwa kikwangulio na ndoo ya maji.
Maji ya kununua. Hilo liweke kando.

Juu kabisa wako wa juzi, wa kaunti:
karatasi zao ni plastiki,
meno yao meupe kuliko rangi niliyopewa nipake.
Hawachaniki hawa. Wavutwa kwa koleo
kama ngozi ya mbuzi.

Chini yao madiwani wa mwisho,
kabla baraza la mji kufungwa na meya kuvuliwa mkufu.
Diwani Tsuma Mwachiro kabaki jicho moja
na ahadi nzima: MFEREJI KILA KICHOCHORO.
Gundi ya unga wa ngano. Mende wamemla hadi kwenye tai.

Chini tena, mwaka vyama viliporudi:
huyu kabandika, yule kabandua, huyu kabandika juu yake,
vipande vidogo vidogo kama magamba ya changu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka ndoo za gundi
zikipita usiku mbio, na asubuhi
mtaa mzima umevaa nguo ambayo haukuinunua.
Na mfereji? Umo. Umeandikwa mara tatu.

Kisha zaja alama:
taa, saa, jembe, baiskeli.
Mama akisema, "Mimi niliipa baiskeli,"
na jina la mtu hakulijua mpaka anakufa.
Baiskeli ilishinda.
Ikaenda zake.

Chini kabisa, tangazo la enzi ya Mzungu,
herufi zimekaa wima kama askari:
apige kura mwenye nyumba, mwenye kulipa kodi kadha wa kadha.
Babu yangu alibeba mawe ya jengo la baraza begani.
Hamo.

Halafu chokaa. Halafu jiwe la matumbawe,
lililo kimya, lenye matundu,
ambalo halijaahidi mtu kitu.

Nikahesabu tabaka kwa vidole nikaona nimeruka mwaka mmoja.
Mwaka wa mlolongo.
Ule haukuacha karatasi; kura ilikuwa mgongo wa mtu.
Ulisimama juani nyuma ya picha ya unayemtaka,
tajiri wako kakaa kivulini akikutazama,
shemeji yako kwenye mstari wa pili
akijifanya hakujui.

Lakini kwenye kizingiti cha kinyozi,
chini ya rangi ya mafuta, ya buluu,
imenitokea penseli.
Vijiti vinne na mkato. Vijiti vinne na mkato.
Safu kwa safu, hadi usawa wa goti.
Marehemu Shali Kombo, aliyenyoa pande zote mbili
na hakumkata mtu sikio,
alisimama hapa akawahesabu wateja wake.
Mstari wa huku: mia mbili na kumi na saba.
Mstari wa kule: sitini na wawili.
Na chini, kwa mwandiko uliotulia:
*Redio yasema kapita wa kule.*

Basi. Hakuongeza neno.

Nimevihesabu mwenyewe, mara mbili, chai ikapoa.
Hakukosea hata kijiti.

Alasiri Bi Shamsa kaja na buibui lake na funguo zake.
Kautazama ukuta, mweupe, unanuka upya.
Akafika kizingitini.
"Na hapa je, fundi? Mbona umeparuka?"

Nimemwambia: hapo pana chumvi.
Chumvi ya ukutani, bibi, rangi haishiki.
Ukiipaka leo, kesho itatoka.

Akainama. Akasoma, au hakusoma, sijui.
Akapitisha kidole juu ya vijiti,
akakitia ulimini,
akanitazama.

"Kweli," kasema.
"Chumvi."